Mshipa wa Sentimita 60: Kulipua Mwamba Bila Kuizika Dhahabu Kwenye Kifusi

Chukua mshipa wa dhahabu wenye unene wa sentimita 60 na gredi ya gramu 12 kwa tani. Mtu na mashine yake hawaenei ndani ya sentimita 60, kwa hiyo stopu, yaani uwazi wa kuchimbia mshipa, imechorwa kwa upana wa mita 1.2. Mwamba ukiwa na uzito wa tani 2.7 kwa mita ya ujazo, kila mita moja ya mraba ya mshipa itatoa tani 3.24 za mawe, na ndani yake mna gramu 19.4 za dhahabu. Gredi imeshashuka hadi 6, na hilo lilijulikana tangu kwenye mchoro. Sasa mlipuko ukabomoa sentimita 20 za ziada kila upande. Dhahabu ni ileile gramu 19.4, lakini mawe yamefika tani 4.32 na gredi imeanguka hadi 4.5. Zaidi ya tani moja ya mawe matupu kwa kila mita ya mraba itapakiwa, itapandishwa juu, itapita kwenye karasha na kusagwa kwa umeme wa kulipia, bila kuleta hata punje.

Kwenye mgodi wa shimo la wazi, sentimita 20 hazimsumbui mtu. Kwenye mshipa mwembamba hizo ndizo zinazoamua kama kazi ina faida au ni hasara. Ndiyo maana hapa mlipuko hupimwa kwa ukuta uliobaki umesimama kabla ya kupimwa kwa wingi wa mawe yaliyoanguka. Na ukuta huo, kwa sehemu kubwa, huamuliwa na mchorongaji, yaani mtoboaji wa matundu, kabla hata kilo moja ya baruti haijatoka stoo.

Mishipa ya namna hii imejaa Kanda ya Ziwa. Bulyanhulu, mgodi wa chini ya ardhi uliofunguliwa mwaka 2001 mkoani Shinyanga, unafuata mishipa iliyosimama karibu wima. Kuanzia Geita hadi Chunya mkoani Mbeya, maelfu ya maduara (mashimo) ya wachimbaji wadogo yanafuata mishipa myembamba zaidi kwa jakihama, mashine ya mkono ya kuchorongea, na kompresa. Mashine zinatofautiana sana, ila mwamba unafuata kanuni zilezile kwa wote.

Mwamba unahitaji pa kwenda

Baruti inapolipuka ndani ya tundu hufanya kazi mbili. Kwanza hutuma wimbi la mgandamizo linalopasua mwamba kuzunguka tundu. Kisha gesi ya moto, yenye shinikizo kubwa, hujipenyeza kwenye nyufa hizo na kuusukuma mwamba mbele. Wimbi likifika kwenye uso ulio wazi, yaani uso huru, hurudi likiwa wimbi la kuvuta. Mwamba huvumilia sana kukandamizwa lakini kuvutwa hauwezi: nguvu yake ya kuhimili mvuto ni takriban moja ya kumi ya ile ya kuhimili mgandamizo. Hapo ndipo unapokatika.

Umbali kutoka kwenye tundu hadi uso huru ulio karibu nalo tutauita mzigo wa tundu. Mzigo ukiwa mdogo, baruti inapotea kwa kurusha mawe. Ukiwa mkubwa, mwamba hauondoki na nguvu inatafuta njia nyingine.

Ndani ya stopu nyembamba, njia hiyo nyingine ni ukuta. Mwamba unaotaka kuuvunja umebanwa kulia na kushoto na kuta ambazo hutaki ziguswe, na msuguano wa kuta hizo unaushikilia. Kwa sababu hiyo stopu ya mita moja na kitu mara nyingi hula kilo moja ya baruti kwa tani au zaidi, pale ambapo stopu pana inatosheka na nusu ya hapo au pungufu. Njia ya kupita yenye uso wa mita nne za mraba hudai zaidi ya kilo 3 kwa kila mita ya ujazo. Anayeona namba hizi kwa mara ya kwanza hudhani baruti inaibwa. Haiibwi, inalipia kubanwa.

Halafu kuna uvimbe. Mwamba ukivunjika hupanuka kwa asilimia 30 hadi 50. Kama uwazi uliopo mbele ya tundu hautoshi kuupokea, mawe yaliyovunjika hukabana na kugeuka ukuta mpya, na matundu yanayofuata yanalipuka kana kwamba hakuna uso huru. Wachimbaji huona matokeo yake asubuhi: uso umepasukapasuka, umevimba, lakini haujatoka. Kosa la kawaida baada ya hapo ni kuongeza baruti kwenye zamu inayofuata. Kilichokosekana ni nafasi, na baruti ya ziada haiumbi nafasi.

Mkato: hesabu ndogo inayosahaulika

Ukifungua njia ndani ya mwamba una uso huru mmoja tu, ule unaoutazama. Matundu yote yamechorongwa kuelekea ndani, sambamba na mwelekeo ambao mwamba ungependa kutokea. Lazima utengeneze uso wa pili. Hiyo ndiyo kazi ya mkato: kundi la matundu katikati, mengine yamejazwa baruti na mengine yameachwa matupu, yakiwa yamesogeleana sana. Matundu matupu ndiyo uso huru wa mwanzo. Mkato ukitoka, matundu yaliyobaki yanapata pa kuangukia na kila kundi linampanulia nafasi mwenzake. Mkato ukigoma, zamu nzima imepotea.

Kuna kanuni ya miaka mingi inayotokana na kazi za Waswidi Holmberg na Persson, inayoeleza mkato utavuta kina gani kulingana na kipenyo cha tundu tupu:

kina = 0.15 + 34.1 × D − 39.4 × D²

D ni kipenyo cha tundu tupu kwa mita, na jibu ni kwa mita. Matundu matupu yakiwa zaidi ya moja, zidisha kipenyo cha tundu moja kwa kipeuo cha pili cha idadi yake, yaani matundu manne yanahesabika kama tundu moja lenye kipenyo mara mbili. Kanuni inatarajia uvute asilimia 95 ya kina hicho, mradi matundu yasipinde zaidi ya asilimia 2.

Itumie kwenye hali ya kawaida ya mchimbaji mwenye biti (kichwa cha kutobolea) ya milimita 38 na rodi (fimbo inayoishika) ya mita 1.8. Akiacha tundu moja tupu, jibu ni mita 1.39. Amechoronga mita 1.8, mwamba utatoka mita 1.3 hivi, na sentimita 50 za matundu zitabaki usoni kila siku, hata akijaza baruti kiasi gani. Akiacha mawili matupu, jibu linapanda hadi mita 1.87, ambayo iko ukingoni: kosa dogo la kuelekeza rodi linatosha kuuharibu mkato. Matatu yanatoa mita 2.2, na hapo kuna akiba ya kusamehe makosa. Gharama ya tofauti hiyo ni dakika chache za kuchoronga matundu mawili zaidi. Ukiwa na mashine ya kupanulia tundu hadi milimita 102, tundu moja tu linaruhusu kina cha mita 3.2.

Mahali pa matundu yaliyojazwa pia pana kipimo chake. Tundu la kwanza hukaa umbali wa mara moja na nusu ya kipenyo cha tundu tupu, katikati hadi katikati. Kwa tundu la milimita 102 hiyo ni sentimita 15. Likisogea mbali, baruti inaupondaponda mwamba bila kuusukuma nje. Likisogea karibu mno, mwamba unasagwa na kujishindilia ndani ya tundu tupu kama saruji, na mlipuko wa tundu moja unaweza kuikandamiza baruti ya jirani mpaka ipoteze uwezo wa kulipuka. Ukiona tundu la mkato lina baruti nzima ndani yake baada ya mlipuko, usikimbilie kuilaumu fataki, yaani kiwashio cha baruti. Pima kwanza umbali wa matundu kule ndani, siyo mdomoni tu.

Baada ya mkato mpangilio ni rahisi: miraba inayozidi kupanuka, kisha matundu ya kati, kisha ya kuta na paa, na mwisho kabisa matundu ya sakafuni, ambayo huunyanyua mzigo wote na kuulegeza ili upakiaji uwe mwepesi.

Digrii moja

Huu ndio moyo wa jambo lote. Tundu linalopinda digrii moja kutoka kwenye mstari wake litakuwa nje kwa sentimita 17 likifika mita 10, na sentimita 26 likifika mita 15. Ndani ya stopu ya mita 1.2, sentimita 26 zinatosha kulitoa tundu kwenye mshipa na kulipeleka ukutani. Na hakuna jicho linaloweza kuiona digrii moja kwenye mwanga wa taa ya kofia.

Makosa huingia kwa milango mitatu. Wa kwanza ni mdomo wa tundu: alama ilichorwa hapa, biti ikateleza kwenye jiwe lililoinama na kuanzia sentimita 10 pembeni. Wa pili ni mwelekeo: rodi haikuwekwa sawa na mstari wa mpima ardhi. Wa tatu ni kupinda kwa tundu lenyewe ndani ya mwamba, hasa pale linapokutana na tabaka za mwamba kwa pembe ndogo, ambapo biti hupenda kufuata tabaka. Milango miwili ya kwanza iko mikononi mwa mchorongaji kabisa. Kusafisha uso kabla ya kuanza, kuchonga kijishimo cha kuanzia, kuchoronga sentimita 20 za mwanzo kwa nguvu ndogo, kupima pembe tena baada ya hapo: hakuna kati ya hayo kinachohitaji mashine mpya. Mlango wa tatu unapunguzwa kwa rodi nene na ngumu, kwa mrija wa kuongozea nyuma ya biti, kwa kutoisukuma mashine kupita kiasi, na juu ya yote kwa kufupisha tundu.

Hilo la mwisho halipendwi, kwa sababu tundu fupi maana yake ni njia nyingi za kuchonga kati ya ngazi na ngazi (ghorofa za mgodi), na njia ni ghali. Hata hivyo, ukichora ngazi za mita 25 kwa ajili ya mshipa wa mita 1.2 umeshaikubali hasara kwenye karatasi. Kwa mishipa myembamba yenye kuchorongwa kwa matundu marefu, mita 12 hadi 15 ni umbali wa busara, na pale mshipa unapojikunja, pungufu ya hapo.

Mpangilio wa matundu nao unabadilika kwa upana. Stopu ikiwa na mita 2 au zaidi unaweza kupanga mawili kwa mawili na moja katikati yao. Chini ya mita 1.5 mpangilio unaovumilia vizuri ni wa mshazari: tundu moja upande wa ukuta wa juu (ule ulio juu ya mshipa ulioinama), linalofuata upande wa ukuta wa chini, kama mshono wa zipu. Kwa tundu la milimita 64, mita 1 hadi 1.3 kutoka tundu hadi tundu kwa kufuata urefu wa mshipa ni mahali pazuri pa kuanzia, kisha mwamba wenyewe utakuambia uongeze au upunguze. Tundu likae kiasi cha sentimita 30 ndani ya mstari wa ukuta. Kulisogeza hadi kwenye mstari ili kupata kila punje ya mshipa ni kuualika ukuta uanguke.

Na kabla ya tundu refu la kwanza kulipuka, lazima pawe na mwanya uliofunguliwa kutoka ngazi ya chini hadi ya juu, wa kuyapokea mawe. Mwanya huo usitengenezwe kwa haraka. Ukitoka nusu, kila safu inayofuata itakuwa inasukuma kwenye mlango uliofungwa.

Kujaza kwa ajili ya ukuta

Matundu yaliyo karibu na ukuta yasijazwe kama ya katikati. Siri ni hewa. Bomba la baruti la milimita 25 ndani ya tundu la milimita 38 linaacha pengo pande zote, na shinikizo linalofika kwenye mwamba hushuka hadi chini ya nusu ya lile la tundu lililojazwa pomoni. Mwamba unakatika kwa mstari kati ya tundu na tundu badala ya kupondeka kuelekea ukutani. Kwa mtindo huu matundu ya ukutani husogeleana zaidi kuliko mengine: mara 15 ya kipenyo chake, yaani sentimita 55 hadi 60 kwa tundu la milimita 38, na mzigo wake uwe mkubwa kidogo kuliko nafasi hiyo, sentimita 70 au 75.

ANFO, ile baruti ya chembechembe, haina pengo. Ikipulizwa kwa hewa inajaza tundu lote na kugusa mwamba kila upande. Ni baruti nzuri na ya bei nafuu kwa matundu ya kati, lakini kuipuliza kwenye tundu la ukutani ni kuuvunja ukuta kwa makusudi. Pia inayeyuka kwenye maji. Tundu lenye maji linahitaji emulsheni (baruti inayostahimili maji) au mabomba yaliyofungwa vizuri. Moshi wa rangi ya machungwa baada ya mlipuko ni ishara mojawapo kwamba ANFO ililowa au haikulipuka ipasavyo, na moshi huo ni sumu.

Kiasi cha mtikisiko ambacho ukuta unaweza kukivumilia kimechunguzwa kwa muda mrefu. Kwenye mwamba mgumu wa Swideni, madhara yalionekana kuanza pale chembe za mwamba zinapotikisika kwa kasi ya milimita 700 hadi 1,000 kwa sekunde. Mwamba wenye tabaka au udongo kwenye mpaka wa mshipa huanza kuharibika mapema zaidi, kwa hiyo namba hizo zichukuliwe kama dari, siyo kama haki.

Mdomo wa tundu uzibwe. Donge la udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, sentimita 30 hadi 50 kwa tundu la milimita 38, huizuia gesi isitoroke kabla haijafanya kazi. Kwenye maduara mengi hatua hii huachwa kwa sababu inaonekana kama kazi ya kupoteza muda, na gharama yake ni kishindo kikubwa, mawe yanayoruka mbali, na mashina marefu (mabaki ya matundu) usoni. Matundu marefu yaliyochorongwa kama vidole vya mkono uliokunjuliwa yana tatizo lake: midomo yake imekusanyika pamoja. Ukiyajaza yote hadi sentimita 50 kutoka mdomoni unakuwa umerundika baruti mahali pamoja, na paa la njia linabomoka. Acha urefu tofauti bila kujazwa, moja mita 1, jirani yake mita 2 au 3, mpaka uzito wa baruti uwe umetawanyika sawasawa.

Wanaochimba tanzanaiti Mirerani wanalijua somo hili kwa uchungu zaidi. Jiwe la tanzanaiti hupasuka kirahisi kwa upande mmoja wa umbo lake la fuwele, na tundu moja lililojazwa kupita kiasi karibu na mfuko wa mawe linaweza kugeuza kito kuwa vipande visivyo na soko. Wenye uzoefu hulipua mwamba taka tu, na wakikaribia mfuko huweka baruti pembeni na kushika nyundo na tindo. Kwenye dhahabu, mshipa wa sentimita 20 au 30 unaweza kufanyiwa kitu kinachofanana na hicho: kulipua mara mbili. Unachoronga na kulipua mwamba taka wa upande mmoja peke yake, unauondoa au kuutandika sakafuni, kisha unaulipua mshipa kwa baruti ndogo juu ya sakafu safi. Ni kazi ya polepole, lakini mawe yanayopanda juu yanakuwa mbale pekee, yaani mawe yenye dhahabu.

Baruti nyingi ina hasara nyingine isiyoonekana. Inasaga mshipa kuwa unga, na dhahabu hupenda kukaa kwenye unga huo, ambao hudumbukia kwenye nyufa za sakafu. Kwenye migodi ya Witwatersrand, Afrika Kusini, kufagia sakafu ya stopu ni kazi yenye watu wake. Wachimbaji wadogo wanaochota vumbi la sakafu na kuliosha kwenye karai wanajua wanachokifanya.

Kupeana zamu

Matundu yakilipuka yote kwa pamoja, hakuna anayempisha mwenzake. Kwenye mkato, jiwe la tundu la kwanza lazima liwe limeshatoka kabla la pili halijalipuka, na kutoka kwenye kishimo chembamba chenye kina cha mita mbili huchukua muda. Milisekunde 75 hadi 100 kati ya tundu na tundu ndicho kiwango cha chini cha kuaminika. Milisekunde 25, ambazo zinafaa sana kwenye benchi la mgodi wa wazi, ni chache mno hapa. Baada ya mkato muda unarefushwa, na fataki za hatua za nusu sekunde zimekuwa zikitumika njiani kwa miaka mingi.

Fataki za kawaida hupima muda kwa kemikali inayoungua ndani yake, na uunguaji haufanani kabisa kutoka fataki hadi fataki. Kosa la asilimia 2 kwenye fataki ya sekunde 5 ni milisekunde 100, kwa hiyo matundu mawili ya zamu moja hayalipuki kwa wakati mmoja. Hilo ni la kuzingatia unapolipua matundu ya ukutani, ambayo hufanya kazi vizuri yakilipuka pamoja. Fataki za kielektroniki zinasahihisha hilo hadi kiasi cha milisekunde moja. Bei yake ni kubwa, lakini kwenye stopu ya matundu marefu, ambako kila tani ya ukuta inayoanguka ni hasara, mara nyingi zinajilipa. Anayewasha tambi kwa mkono yuko upande wa pili kabisa: tambi mbili zilizokatwa sawa hazifiki pamoja, na zamu inaweza kupinduka, tundu la ukutani likaanza kabla ya mkato.

Pale ambapo baruti haina kosa

Mlipuaji hulaumiwa kwa mengi yasiyo yake. Njia ya kuchorongea ikichongwa kwa upana wa mita 4 ili mashine ipite, kwenye mshipa wa mita 1.2, mara nyingi imeshakata mguu wa ukuta wa juu. Ukuta huo utaanguka hata ukilipua kwa ustadi wa hali ya juu. Ukuta ulioachwa wazi kwa wiki kadhaa bila kujazwa kifusi nao utaanguka, na vivyo hivyo ule wenye tabaka la udongo laini sambamba na mshipa. Kabla ya kubadilisha baruti, simama uutazame ukuta: ukiona umeachia kwa tabaka nyororo, linalong'aa, bila alama ya nusu ya tundu, huo ni mporomoko wa jiolojia. Ukiona mwamba umepondeka na nyufa zimesambaa kama nyota kuzunguka mahali pa tundu, huyo ni mlipuaji.

Alama za nusu ya tundu ni kipimo kizuri kisichogharimu chochote. Jumlisha urefu wa nusu za matundu zinazoonekana ukutani, gawanya kwa urefu wote uliochorongwa ukutani. Mwamba mzima uliolipuliwa vizuri utaonyesha nyingi, na mwamba uliopasukapasuka utaonyesha chache hata mikononi mwa fundi, kwa hiyo linganisha stopu na ya jana yake, si na ya mgodi mwingine.

Kwa stopu za matundu marefu, ambamo mtu haruhusiwi kuingia, hutumika kifaa cha leza kinachoning'inizwa ndani kupima umbo lililobaki. Mwaka 1997 Clark na Pakalnis wa Kanada walipendekeza kipimo kinachotumika sana sasa: chukua ujazo wote uliobomoka nje ya mstari wa ukuta, gawanya kwa eneo la ukuta huo. Ukuta wa mita 20 kwa 15 ukipoteza mita za ujazo 90, unene wa wastani uliobomoka ni sentimita 30. Uzuri wake ni kwamba hauchezewi na upana wa stopu kama zinavyochezewa asilimia: sentimita 30 zilezile ni asilimia 25 ya stopu ya mita 1.2 na asilimia 6 ya stopu ya mita 5, wakati ukuta umetendewa vilevile.

Daftari la mlipuko liwe na vitu vichache lakini vya kila siku: idadi ya matundu, kina kilichochorongwa, kilo zilizotumika, kina kilichovutwa, urefu wa mashina, hali ya ukuta. Na libadilishwe jambo moja kwa wakati. Ukibadilisha nafasi ya matundu, aina ya baruti na zamu za fataki siku moja, ukuta ukitulia hutajua ni kipi kilichoutuliza.

Kabla rodi haijagusa uso tena

Baada ya mlipuko mna gesi mbili za kuogopwa. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Naitrojeni dayoksidi, ile ya rangi ya machungwa, inaweza kumwacha mtu atembee nyumbani akijiona mzima kisha mapafu yake yajae maji saa kadhaa baadaye. Kwenye duara lenye mdomo mmoja, moshi hautoki kwa kusubiri peke yake. Hewa isukumwe hadi usoni, na kipima gesi ndicho kiseme watu waingie, siyo saa ya mkononi.

Halafu uso uoshwe kwa maji na mawe yaliyolegea yaangushwe kwa mtaimbo ukiwa umesimama chini ya paa lililokwisha kukaguliwa. Kila shina litafutwe na kuchunguzwa, maana ndani ya sentimita 30 za tundu la jana panaweza kuwa na baruti nzima na fataki yake. Aliyeidhinishwa kulipua ndiye anayeishughulikia, kwa utaratibu wa kisheria wa mgodi, na wengine wote wakae mbali. Hakuna anayechoronga ndani ya shina la zamani, hata kama linaonekana tupu na hata kama linaokoa sentimita 30 za kazi: biti inayogonga mabaki ya baruti ni miongoni mwa sababu kongwe za vifo migodini. Mashina yote yazungushiwe alama ya rangi, na mkato wa leo usogezwe kushoto au kulia ya ule wa jana, ili mchorongaji asipate kishawishi cha kuanzia papo hapo.